Chuo Kimoja Tu

Kila siku akitoka shule, Kasuku alipitia kwenye kibanda cha baba yake kufagia nywele. Baba alikuwa kinyozi. Binti huyu wa miaka kumi na miwili alipewa jina la Kasuku kwa sababu mdomo wake haukupumzika, hata usingizini.

Kibanda kilikuwa na viti viwili, kioo, na benchi la wanaosubiri. Mteja akishafungwa shuka shingoni, hana pa kwenda. Hapo ndipo baba alipoanza.

"Binti yangu mkubwa anaingia chuo kikuu. Si chuo hivi hivi, ni kile chenyewe! Anakwenda kusomea udaktari."

"Ameshapata nafasi?"

"Ameomba. Tena ameomba chuo kimoja tu. Anayejiamini habahatishi huku na kule. Au siyo, Kasuku?"

"Atapita, baba!" Kasuku alijibu. Wateja wakacheka, baba akafurahi. Lilikuwa neno tamu, na halikumgharimu kitu.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Siku zile dada hakupenda kutoka nje. Akienda bombani, majirani walimwita daktari. Huyu alimwonyesha goti, yule ulimi. Basi alishinda chumbani, chumba chenye dirisha moja lililotazamana na ukuta wa jirani. Jioni moja Kasuku alimkuta ameketi sakafuni, matokeo yake ya mtihani mapajani.

"Dada, unaumwa?"

"Naumwa na hesabu. Mwaka jana, wa mwisho kuchukuliwa udaktari pale alikuwa na alama kumi na saba kati ya ishirini. Mimi nina kumi na tano. Na waombaji wanaongezeka kila mwaka. Sisemi haiwezekani, lakini nafasi yangu ni finyu."

"Si uongeze vyuo vingine?"

"Mwisho ni kesho jioni. Nikiongeza, ujumbe unaingia kwenye simu ya baba, maana namba niliyoandikisha ni yake. Na unajua simu ya baba inavyosomwa."

Kasuku alijua. Baba aliusoma kila ujumbe kwa sauti, hata wa bili ya umeme, benchi zima likasikia.

"Basi mwambie kabla."

"Jana nilianza, 'Baba, ikitokea nikakosa...' Akanikata: 'Usijichurie, utajiletea mkosi!' Nikisema, najichuria. Nisiposema, nakaa humu mwaka mzima natazama ukuta."

Kasuku naye akautazama ukuta ule.

Kesho yake muuza nyama wa mtaani alikuwa kitini, amenyolewa upande mmoja.

"Fundi, huyo daktari wako ataingia kweli? Chuo kile wanachuja watu kama chai."

"Muulize mdogo wake. Kasuku, dadako ana nafasi gani?"

Fagio likasimama. Benchi lote likamgeukia. Lile neno tamu lilikuwa tayari ulimini. Kwenye kioo alimwona baba akitabasamu, akilingoja.

"Baba, tuongee nje kidogo."

"Nje kuna nini? Sema, hawa ni watu wetu."

"Nafasi yake ni ndogo, baba. Alama zake hazifikii za waliochukuliwa mwaka jana. Anataka kuongeza vyuo vingine na mwisho ni leo, ila anakuogopa."

Mashine ilinguruma peke yake mkononi mwa baba. Baba akaizima, akachukua simu yake, akatoka bila kuaga.

"Fundi! Na nusu hii je?" Muuza nyama akamfuata, shuka shingoni.

Dada alipomwona baba mlangoni mwa chumba chake, na Kasuku nyuma yake, alimkazia macho mdogo wake. "Kasuku, umeniuza."

"Hajakuuza," baba alisema. "Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ulishanipa udaktari mbele ya mtaa mzima, baba. Sikujua pa kuurudisha."

Baba akaketi sakafuni kando yake. "Nionyeshe hizo alama."

Akazifuata kwa kidole, taratibu, zake na za mwaka jana. Hakutaja uchuro.

"Ongeza," alisema mwishowe.

Chuo kile kikubwa wakakiacha palepale juu ya orodha. Chini yake dada akaongeza chuo kidogo cha sayansi, kisha chuo cha uuguzi. Simu ikalia. Baba akausoma ujumbe kwa sauti.

"Vyuo vitatu! Hapo hata mimi napumua," alisema muuza nyama kutoka mlangoni. "Haya fundi, kichwa changu nacho mwisho wake ni leo."

Wiki zikapita. Chuo kikubwa hakikumchukua dada. Alilia siku ile, na baba hakumkataza. Cha uuguzi kilimchukua, naye akaanza kutoka nje tena.

Baba alimwita Kasuku. "Uliponiambia kila siku kuwa atapita, ulinifumba macho. Nami nilipokataa kusikia, nilimfungia dadako mlango. Kumtakia mtu mema si kumficha ukweli. Mwambie mapema, angali na njia ya kugeukia."

"Na kama utakasirika, baba?"

"Nitakasirika. Wewe sema."