Mikono Mitupu

“Usimkamate. Mfuate mpaka kwenye mzigo.”

Sauti ya Mkuu ilikatika sikioni. Kimya, kama walivyomwita kikosini, akaongeza mwendo kwenye korido ya hospitali. Miaka ishirini na mbili ya ujasusi, na bado anakimbizana na watu. Alikuwa amechoka mno.

Mwanamume wa koti jeupe alisukuma toroli hadi stoo ya dawa za saratani. Kimya akaingia nyuma yake.

“Mkaguzi,” alisema, akionyesha kitambulisho cha bandia. “Endelea na kazi.”

Maboksi mawili. Lebo zile zile. Dawa ya njano kwenye chupa zote.

Akageukia dirishani, akanong’ona. “Mkuu, feki ni lipi?”

“Feki ni vitamini ya foliki, nayo ni njano. Dawa halisi huziba njia ya vitamini hiyo, seli za saratani zikashindwa kuzaana. Feki inazilisha.”

“Majibu ya maabara?”

“Saa sita.”

“Dripu zinatundikwa saa nne, Mkuu. Dada yangu yuko kitanda cha sita.”

“Najua.”

Saa nne kasorobo.

Mwanamume alivaa glavu, jozi mbili, akapanga chupa za boksi la kwanza polepole. Kisha akavua glavu, akafuta jasho, akafungua boksi la pili. Chupa moja ikapasuka. Dawa ikamchuruzika vidoleni.

Akajifutia kwenye suruali.

Bastola ya Kimya, Beretta, ilikuwa shingoni mwake kabla hajainua kichwa.

“Dawa hii ni sumu, kaka. Haishikwi mikono mitupu. Isipokuwa na anayejua ni vitamini.”

Mwanamume alirusha kiwiko. Kimya akakwepa, akampiga kitako cha bastola, akamfunga pingu kwenye toroli.

“Boksi la pili, Mkuu. Njooni mmchukue.”

“Safi! Ripoti leo.”

“Kesho.” Akazima redio.

Wodini, dada yake alimtazama. “Mbona uso umekushuka hivyo, mdogo wangu?”

“Leo unapewa dawa.”

“Kwani wiki tatu zote nilikuwa napewa nini?”

Kimya aliwahi kuwadanganya mabalozi bila kupepesa jicho. Huyu hakumweza.

“Vitamini, dada. Ilikuwa inaulisha uvimbe.”

Dada akakunja mkono wa gauni.

“Haya, mwite muuguzi atundike. Na usinililie hapa.”

Kimya akavaa miwani ya jua humo humo wodini, akatoka taratibu.