Tonge la Kulungu

Jua la Novemba lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Ferlach, huko Austria, wakati Valentin Ogris alipobisha mlango wa Bi Notburga. Alikuja kukagua bunduki moja ya kuwindia, basi. Miaka thelathini alikuwa akiisaka. Pacha wake, iliyotiwa nakshi na fundi yuleyule, ilining'inia ukutani kwake, na nafasi tupu pembeni yake ilimkera kama pengo la jino.

Bi Notburga, mjane wa miaka themanini, aliilaza mezani juu ya blanketi.

"Siuzi," alisema. "Nakupa. Sina mtoto, na wewe angalau unazipenda. Ila uichukue hivyo hivyo ilivyo. Usiongeze, usipunguze."

"Nimekubali."

Wakapeana mkono.

"Umekubali upesi mno. Wewe hata kanisani unakagua misumari ya msalaba." Akacheka kidogo. "Supu utakunywa?"

"Hapana, Bi Notburga, asante. Nikishiba macho yanalala."

Bi Notburga akaenda jikoni kujipashia yake.

Valentin aliinama na kioo chake cha kukuzia. Kwenye bamba la chuma, ubavuni mwa bunduki, kulungu dume alilala amekufa, mwindaji kasimama juu yake. Manyoya yalichongwa unywele kwa unywele. Machozi yalimlengalenga, wala hakuona aibu.

Kisha akautazama mdomo wa kulungu. Ulikuwa umeshika kijitawi cha msonobari, cha dhahabu.

Wawindaji wa huko humpa mnyama waliyemuua tonge lake la mwisho: kitawi kibichi mdomoni, kwa heshima, kabla ya kisu. Hilo halikumshangaza. Kilichomuudhi ni dhahabu yenyewe. Ilikuwa changa kuliko chuma, na kazi yake ya ovyo. Kiraka. Fundi yule hakugusa dhahabu maisha yake yote.

Mtu mwingine angeandika tu kwenye daftari lake. Lakini mazoea yana taabu. Valentin alitoa sindano, akajiambia anajaribu ukingo tu...

Tik.

Kipande kilichomoka, kikabingirika, kikatumbukia katikati ya mbao za sakafu.

Chini yake mdomo wa kulungu ulikuwa wazi, mtupu. Ndivyo fundi alivyouchonga tangu mwanzo.

Ikaja harufu. Manyoya yaliyolowa. Utomvu.

Juu ya dari kitu kikapiga hatua... Kwato, si viatu. Moja. Mbili. Kikasimama juu ya kiti chake.

"Umekitoa," Bi Notburga alinong'ona mlangoni.

"Nitakirudisha. Kimeanguka hapa hapa."

"Mwenye bunduki wa kwanza alimwacha kulungu bila tonge. Mvua ilimkimbiza. Fundi alikuwepo, akachonga alichokiona. Akafa huyo, akafa mwanawe, akafa mume wangu. Kila mmoja alikutwa na kitawi kibichi kati ya meno. Hakuna aliyekiweka. Ndipo nikamwita sonara. Miaka arobaini sasa, kimya."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

Waling'oa ubao kwa nyundo, wote wawili wamepiga magoti. Chini kulikuwa na vumbi la miaka, na juu ya vumbi majani membamba ya msonobari, mabichi. Dhahabu hawakuiona.

"Basi naiacha bunduki," Valentin alisema. "Siitaki tena."

Bi Notburga alimtazama kwa huruma.

"Tumeshapeana mkono, mwanangu. Ni yako popote itakapolala."

Aliiacha hivyo hivyo. Aliendesha gari hadi bondeni, vioo vyote vimefungwa, akisali sala za utotoni kwa sauti. Hakuna kilichomfuata. Barabara ilikuwa tupu, taa za mji zikawaka mbele yake, na kidogo kidogo akaacha kusali.

Mkewe Marjeta alimfungulia mlango. Jikoni kulinukia viazi na vitunguu. Valentin alifurahi kumwona kiasi cha kutaka kulia.

"Nimekungoja tule pamoja," Marjeta alisema, "kumbe mwenzangu umeshaanza huko."

"Sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi."

Marjeta akamtazama taya.

"Sasa unatafuna nini?"