Kaseti ya Ziwani

Mwaka 1998, mwezi wa saba, nilikuwa Uchina kununua mzigo, Guangzhou, barabara ya Zhanqian, nikibishana na mwenye duka la jinzi. Anasema "mei you", saizi hiyo hana, na huku naiona rafuni nyuma ya kichwa chake. Ndipo mdogo wangu Nahla akatokea mlangoni, peke yake, amebeba mkoba wa mgongoni wa mumewe.

"Yasir yuko wapi?"

"Ameitwa," akasema.

Walikuwa na miezi sita ya ndoa. Wafanyabiashara wenzake Yasir wakipata faida hujenga; yeye akasema atamwonesha mkewe ziwa lililo juu milimani, Titicaca, kule Peru. Nilimtania, "Shemeji, maji ya Unguja hayakukutosha?" Akacheka, wakaenda.

Kule walipanga chumba kwa bibi mmoja kando ya ziwa. Siku ya tatu, asubuhi, walikaa kwenye kokoto wakinirekodia kaseti ya salamu, kama tulivyozoea kutumiana badala ya barua. Nahla aliniwekea kaseti hiyo redioni, chumbani kwangu, jioni ileile aliyofika Guangzhou.

"Dada Hasna, huku pumzi zinatukatika," anasema huku anacheka. Upepo unavuma. Kisha, kutoka upande wa maji, sauti ya mwanamke mtu mzima: "Yasir."

Niliijua. Ya mama yake Yasir. Tulikuwa tumemzika miaka miwili kabla.

Sisi tumelelewa hivyo: ukiitwa na usiyemwona, usiitike mpaka mara ya tatu, kwa sababu asiye mtu haiti mara tatu. Yasir alilijua hilo. Lakini alimpenda mno mama yake.

"Labeka, mama."

Kokoto zikalia. Nahla akapiga ukelele. Maji. Baada ya hapo ni mvumo mtupu mpaka mwisho wa utepe.

Wenyeji walimtafuta siku nne kwa mitumbwi, hawakupata hata kiatu. Nilipomwambia Nahla akae eda, alinitazama kama mtu asiyenijua.

"Eda ya nini, dada? Hajafa. Ameitwa."

Roho iliniuma. Kila siku baada ya adhuhuri aliisikiliza ile kaseti, pamoja na ule mvumo. Siku ya tisa tangu afike, ndani ya mvumo, tukasikia.

"Nahla."

Yasir.

Nikamziba mdomo. Akalia kiganjani mwangu.

"Niache. Mume wangu ananiita."

"Ngoja ya tatu," nikamnong'oneza.

Haikuja hata ya pili.

Kesho yake nilikwenda soko la Shisanhang kuchukua mzigo, kaseti nimeificha mkobani. Niliporudi alasiri, mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Mwenye nyumba akauvunja. Ghorofa ya saba, dirisha lina nondo. Nahla hakuwemo. Sakafuni kulikuwa na kokoto mbichi na maji baridi ya kuuma vidole, na nje joto limewavua watu mashati.

Nikaitoa kaseti mkobani, nikaiweka redioni.

"Nahla."

Na mdogo wangu, kwa sauti ya bibi harusi: "Abee."

Kokoto. Nyayo za watu wawili.

Nililia mpaka sauti ikakauka. Laiti ingeishia hapo. Mwisho kabisa wa utepe kuna sauti yake ya utotoni, ile ya kutaka nimshike mkono kuvuka barabara.

"Dada Hasna."

Mara moja tu. Kaseti ninayo hadi leo. Kila nikiisikiliza najiziba mdomo kwa mikono miwili, nangoja ya pili. Nimemlea mimi, na sijamwitikia.