Kifaa Kiitwacho Mke Mkubwa

Laptopu ilikataa kuzungumza na runinga, na mwanzoni Petronila hakuona ajabu, maana vifaa vya siku hizi vina maringo kuliko bibi harusi. Alikuwa ameketi kwenye zulia sebuleni kwake, Ijuganyondo, laptopu mapajani na rimoti mkononi, akitaka jambo moja tu: video ya harusi yake itoke kwenye kioo kidogo iende kwenye kioo kikubwa. Jumapili mama yake, Ma Yuster, angekuja kutoka Kishanda kuitazama. Siku ya harusi yenyewe mama alikuwa amelazwa, mguu umefungwa plasta, na Petronila aliingia kanisani akilia machozi ambayo watu waliyadhania ya furaha.

Akabonyeza tena sehemu ya kutafuta skrini. Laptopu ikaiona runinga, ikajizungusha kidogo, kisha ikaandika: runinga hii inatumiwa na kifaa kingine. Kwenye kona ya runinga palikuwa na jina la hicho kifaa kingine, kwa herufi kubwa. MKE MKUBWA.

Sasa niseme kabisa, Petronila alikuwa na wivu, na sisemi hivyo kwa kumsengenya maana mwenyewe hakuwahi kuuficha. Gozbert akichelewa kurudi, shati lilinuswa. Mhudumu wa benki akimwita mumewe kwa jina, alitaka kujua jina hilo limejulikanaje. Alimpenda mumewe kwa mapenzi ya kweli, ila mapenzi hayo hayakuwahi kulala usingizi. Kwa hiyo aliposoma jina lile hakufikiria majini. Alifikiria simu, simu ya mwanamke mwenye kucha za kupaka, aliyewahi kuketi kwenye makochi yake akapewa nywila ya waifai.

"Gozi," aliita. Jina hilo la kufupisha lilikuwa lake peke yake, hata mama mkwe hakulijua.

Gozbert akaingia kutoka shambani, viganja vimejaa utomvu wa migomba. Zamani alikuwa mchuuzi wa dagaa, akivuka kwenda visiwa vya Muleba na kurudi na magunia. Tangu aoe aliacha ziwa akafungua duka la vifaa vya ujenzi mjini.

"Nani huyu?" Petronila akamwuliza, akimtazama yeye badala ya runinga. Akaona uso wa mumewe ukibadilika kabla hata macho hayajafika mwisho wa maandishi.

"Atakuwa jirani."

"Jirani yupi? Wa karibu ni Ta Datius, na kati yetu naye ni migomba mitupu. Waifai yetu haifiki hata jikoni, itafika kwa Ta Datius?"

"Basi tuizime, tuwashe tena."

Wakazima, wakawasha. Wakahakikisha laptopu na runinga ziko kwenye waifai moja. Petronila akabadilisha nywila, na hiyo mpya hakumwambia mumewe. Akaisahaulisha runinga vifaa vyote vilivyowahi kuunganishwa, kisha akairudisha ilivyotoka kiwandani, ikaanza kuuliza lugha na nchi kama mtoto aliyezaliwa leo. Orodha ya vifaa ikawa nyeupe, haina hata jina moja. Petronila akashusha pumzi. Akaibonyeza laptopu, na kabla jina lake halijatokea likatangulia lile jingine, likakaa juu.

Hapo ndipo harufu ilipoingia. Ilikuwa harufu ya dagaa walionyeshewa na mvua kwenye kichanja, na ndani yake harufu tamu ya maua ya kahawa, ingawa msimu wa maua ulikwishapita. Gozbert alitoka nje bila kuaga. Petronila alibaki pale akinusa, na alichokisikia moyoni ni hasira, kwa sababu aliamini ameshanusa manukato ya mwenzake.

Ijumaa mchana alikuja fundi kutoka mjini, Isaac, kijana mchangamfu aliyebeba kebo shingoni. Alipoambiwa kisa alicheka. "Dada, tuachane na mambo ya hewani. Waya haudanganyi." Akachomeka kebo huku na huku, na mara picha ikatokea kubwa, safi: kanisa, kwaya, maua ya karatasi, Gozbert amesimama mbele na suti yake ya kijivu. Petronila akapiga makofi. Kisha mlango wa kanisa ukafunguka, bibi harusi akaingia.

Hakuwa Petronila.

Shela ilikuwa yake, aliijua kwa kiraka kidogo cha lesi alichoshona mwenyewe chini ya kwapa, lakini mwili ulikuwa wa mwanamke mwingine, mrefu, mwenye shingo ndefu na mwendo wa taratibu, na ile shela iliyokuwa ikimbana Petronila kiunoni ilimkaa yule kana kwamba alipimiwa. Uso haukuonekana vizuri kwa sababu ya vitambaa vilivyoufunika. Isaac akatazama runinga, akamtazama mwenye nyumba, akarudia runinga. Tabasamu likamwishia polepole. Akachomoa kebo. Video ikaendelea. Akaizima laptopu kabisa, akaifunga, na video ikaendelea, yule mwanamke akizidi kukaribia madhabahu, na kwenye spika za runinga, chini ya sauti ya kwaya, pakasikika meno yakipasua kitu kikavu, taratibu, moja, halafu jingine.

"Dada," Isaac alinong'ona, "hii si kazi ya fundi." Akaviringisha kebo yake, akaondoka bila kunywa hata chai.

Petronila alibaki amesimama. Hofu aliiona ikija lakini wivu ulimfikia kwanza. Akachota maji ya baraka ya parokia akairushia runinga mpaka nusura aiunguze, na yule wa kwenye kioo akageuza shingo kidogo kama mtu aliyesikia mtoto akilia chumba cha pili, kisha picha ikazimika.

Jioni alimkalisha mumewe. "Niambie jina lake na mahali anapokaa. Mimi sitakuua. Nataka tu nijue ana nini ambacho sina."

Gozbert akaanza kusema huku akiangalia sakafu. Ilikuwa kisiwani, wiki chache baada ya kupeleka posa Kishanda. Mvua ilimkamata, akajibanza kwenye banda la dagaa, na mle ndani alimkuta mwanamke. Kama ilivyo desturi kwa mgeni yeyote Uhayani, mwanamke akatoa akamwani, ile kahawa iliyochemshwa na kukaushwa na maganda yake, watafune wakisubiri mvua ikatike. Wakatafuna mpaka likabaki ganda moja. Mwanamke akalipasua, punje moja akampa Gozbert, nyingine akatia kinywani mwake.

"Ukaimeza?" Petronila alisema kwa sauti ndogo. Hakuna mtoto wa Kihaya asiyejua. Kila mtu hutafuna punje zake. Wanaogawana punje za ganda moja wamefunga omukago, undugu wa kiapo, na omukago haufi hata aliyeufunga akifa.

"Niliona mzaha. Omukago unataka damu, na damu haikuwepo." Akagusa mdomo wake. "Ila midomo yangu ilikuwa imepasuka kwa upepo wa ziwa."

"Akasema nini?"

"Akasema, chako changu, changu chako. Nikaitikia. Asubuhi niliwauliza wavuvi habari zake. Wakaniambia banda lile halina mtu, hata wao hawalali mle."

"Alikuwa mzuri?"

"Petronila, waitu, tafadhali. Nakwambia habari za jini, unaniuliza uzuri."

"Nijibu."

Hakujibu, na kutojibu kule kulimchoma Petronila kuliko kila alichokiona kwenye runinga.

Jumamosi Gozbert alimleta Safina, mfanyabiashara wa dagaa aliyefahamiana naye visiwani, ambaye wavuvi humwendea majini yakiwasumbua. Mama wa makamo, kanga mbili na simu mbili. Petronila alimpima kutoka kichwani hadi miguuni, na Safina akaliona.

"Usinipime, mwanangu. Nina wajukuu." Akaizunguka runinga, akaweka kiganja mgongoni mwake kama anayempima mtoto homa. "Huyu hataki nyumba wala hataki kukuua. Anataka mume, na anahesabu kwamba alimpata kabla yako. Sasa sikilizeni. Aliyemeza ndiye arudishe. Kesho, Gozbert, utachuma tunda la kahawa kwa mkono wako, lenye punje zote mbili, uliweke mbele yake, useme: kiapo chako hiki hapa, kila mtu na nafsi yake. Atalia sana, kisha ataondoka."

"Na mimi nifanye nini?" Petronila aliuliza.

"Wewe unyamaze. Akikutukana, nyamaza. Akikucheka, nyamaza. Ukimjibu tu, umemkubali kuwa mke mwenzio, na akishakuwa mke mwenzio, yeye ndiye mkubwa."

Petronila aliitikia kwa kichwa. Kunyamaza, kwake yeye, kulikuwa mtihani mgumu kuliko kufunga Kwaresima nzima.

Jumapili baada ya misa Ma Yuster alifika na ndizi zake na fimbo yake, akakaa kwenye kochi, akasema hajaja kula, amekuja kuona harusi. Mbingu ilikuwa imejaa mawingu meusi kutoka ziwani. Gozbert na Safina wakatoka nyuma ya nyumba kwenye mibuni, wakachagua na kubinya matunda, maana yako matunda yenye punje moja tu ndani, na tunda la namna hiyo lingeharibu kila kitu. Sebuleni wakabaki mama na binti.

Runinga ikajiwasha.

Haikuwa kanisani tena, ilikuwa sebule hii hii, makochi haya haya, zulia hili hili, ila aliyekaa kwenye zulia alikuwa yule mwanamke ndani ya shela, na sasa vitambaa vilikuwa vimefunuliwa na uso ulionekana, na Petronila, aliyekuwa amejiandaa kuona meno marefu au macho ya moto, aliona uso mzuri wa kawaida, mpole, wenye midomo iliyotafuna kahawa, uso wa mwanamke ambaye mwanaume yeyote angekaa naye mvua nzima asiione mvua. Harufu ya dagaa na ya maua ikajaa chumba mpaka Ma Yuster akajifunika pua kwa kitenge.

"Mwanangu, huyo nani?" mama alinong'ona.

Petronila akauma meno. Alinyamaza. Yule mwanamke akamtazama bila chuki, kama mtu amtazamavyo msichana wa kazi aliyesahau kuondoka, kisha akageuza macho kuelekea mlango wa nyuma, kule kwenye mibuni, akaita taratibu, kwa sauti iliyozoea kuita.

"Gozi."

Lingekuwa jina jingine lolote, Petronila angevumilia. Lakini hilo lilikuwa la chumbani kwake, alilitunga mwenyewe, hakulitamka mbele ya watu ila kwa nadra, na kulisikia kinywani mwa mwingine kulimfanya asahau onyo, asahau mama yake, asahau hata kuogopa, akainuka na kusimama mbele ya kioo karibu kiasi cha kuona pumzi yake ikitanda kwenye kioo hicho.

"Wewe huna mume hapa," alisema. "Kama una chako ndani ya nyumba hii, kichukue sasa hivi, uondoke, usirudi kwangu tena."

Yule mwanamke akatabasamu kwa shukrani. Akainamisha kichwa, kama mkubwa anavyompongeza mdogo aliyeongea vizuri, na runinga ikawa nyeusi. Harufu ikakatika. Nje, mvua ikaanza.

Kwenye meza laptopu ikalia kidogo. Imeunganishwa, ilisema. Petronila akacheka na kulia kwa pamoja, akamshika mama mkono. "Ameondoka, mama. Nimemfukuza mwenyewe. Sasa tazama."

Video ikaanza. Kanisa, kwaya, maua ya karatasi. Mlango ukafunguka na Petronila akaingia, Petronila mwenyewe, shela ikimbana kiunoni, na hakuwahi kujiona mzuri kama alivyojiona sasa. Akatembea mpaka mbele. Padri akauliza maswali, Petronila wa kwenye video akajibu, akanyoosha mkono na pete, akaivisha hewa. Pete ikaanguka sakafuni, ikabiringika, na waumini wakapiga vigelegele.

Ma Yuster alisogea mbele kwenye kochi. "Mbona umesimama peke yako? Bwana harusi amekaa wapi?"

Mlango wa nyuma ukafunguka. Gozbert aliingia akiwa ameloa, na nyuma yake Safina, tunda zima la kahawa kiganjani, akitikisa kichwa kwa Petronila kama mtu aliyechelewa msibani. Gozbert alijipangusa miguu vizuri kwenye tambara. Akatazama makochi, akatazama picha za ukutani, kwa adabu, bila kugusa kitu. Akamwamkia Ma Yuster shikamoo. Kisha akamgeukia Petronila.

"Samahani dada, nimepita tu. Mke wangu ananisubiri kisiwani, ataanza kuwa na wasiwasi."

"Gozi," Petronila alisema. "Gozi, ni mimi."

Akamtazama kwa huruma, kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi na hakumbuki, na hataki kumwumiza. Akafungua mlango wa mbele, mvua ikasikika yote.

"Umsalimie mumeo," alisema, akaurudisha mlango taratibu.