Bibi wa Kwenye Kitabu

Jumapili hiyo foleni ya risoti ya theluji, nje kidogo ya Kitengela, ilikuwa imefika barabarani. Theluji yenyewe ilikuwa mikeka myeupe ya plastiki iliyolazwa kwenye mteremko na kumwagiwa maji, lakini mwaka huo wa corona watu walikuwa wamechoka kukaa ndani, na hata baridi ya uongo waliifuata. Langoni kulikuwa na tangi la maji, sabuni, kifaa cha kupima joto, na kitabu kikubwa cha kuandika majina.

Muthoki, fundi wa nguo, alikuwa amevaa rinda la manjano alilojishonea na barakoa ya kitambaa hicho hicho. Rafiki yake Ciku alikuwa amepimwa, kifaa kikalia, akarudishwa nyumbani akilalamika kwamba ni jua tu.

"Wewe ingia," mlinzi akamwambia Muthoki. "Lakini gari la kuteleza hupandi. Ni la wawili, na lazima wawe watu wa nyumba moja."

"Si nipande peke yangu?"

"Litapinduka."

Nyuma yake kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopigwa pasi na viatu vyenye vumbi la shamba akasafisha koo. Foleni nzima ikageuka kumwangalia.

"Si corona, jameni, ni aibu tu," akasema. "Soja, huyu ni bibi yangu. Tulikosana asubuhi, ndiyo maana anajifanya hanijui."

"Mlikosana nini?"

"Nilikataa kuosha vyombo."

Muthoki akamwangalia kutoka juu hadi chini. Macho ya yule kijana yalikuwa yanacheka juu ya barakoa.

"Na bado hajaosha," akasema Muthoki.

Mlinzi akacheka, akaandika: *Mureithi na bibi. Watu wa nyumba moja: wawili.*

Walishuka ule mteremko wakipiga mayowe.

"Shika breki!"

"Breki iko wapi?"

"Si wewe ndiye bwana wa nyumba?"

Wakagonga matairi yaliyopangwa chini, wakabaki hapo wamelowa, wakicheka mpaka wakaambiwa wapishe wengine.

Mureithi alikuwa analima vitunguu Kimana pamoja na mama yake, na kila Jumatano alileta neti zake za vitunguu soko la Kitengela. Muthoki akamshonea barakoa ya manjano, akaipitisha uzi mara mbili ili isifumuke. Siku ambazo si za soko ilikuwa ni simu.

"Bibi wa kwenye kitabu, umeamkaje?"

"Vizuri. Na huu ubibi wa kitabu utaisha lini?"

"Pasaka. Nakupeleka kwa mama, mpenzi. Ngoja, anataka simu."

Sauti ya mama ikaingia, nzito na yenye kicheko. "Wewe ndiye msichana wa barafu? Kuja na hiyo mikono nione kama inajua kukata vitunguu bila kulia."

"Nitalia kidogo tu, mama."

"Kidogo naruhusu."

Muthoki akaanza kumshonea mama huyo gauni la zambarau, kwa kukisia kipimo. Ilikuwa imebaki kola tu wakati Mureithi alipopiga simu na kusema mama anakohoa. Baada ya siku nane akapiga tena, akasema mama ameaga.

"Nakuja," akamwambia.

"Kuja. Tafadhali kuja."

Wakati huo mazishi yalikuwa ya watu hamsini, basi. Muthoki alifika Kimana asubuhi, gauni la zambarau likiwa ndani ya mfuko. Kwenye lango la boma alisimama Kiama, binamu wa marehemu, na karatasi ya majina. Alisoma mara mbili kwa kidole.

"Muthoki hayuko hapa. Wewe ni nani wa hii nyumba?"

Muthoki akampigia Mureithi simu. Akaja, macho yamevimba, barakoa ya manjano usoni. Nyuma yake alikuja Macharia, kaka yake mkubwa.

"Ni huyu wa ile risoti?" Macharia akauliza. "Huko mlikokwenda kuchezea ugonjwa mkamletea mama?"

Muthoki alikuwa anamtazama Mureithi. Neno moja tu alihitaji, lile alilolisema mbele ya foleni nzima bila hata kumjua.

Mureithi akaangalia chini. "Ni mtu tunajuana naye Kitengela," akasema.

Kiama akakunja karatasi. Muthoki akasimama nje ya seng'enge, kando ya shamba la vitunguu, akasikia wimbo, kisha udongo. Yale machozi kidogo aliyoruhusiwa yalikwisha mapema, akalia mengine.

Miezi minne hakushika simu za Mureithi. Ule wa tano akashika.

"Nimeongea na Macharia. Nimemwambia wewe ni nani. Tukutane pale pale, Muthoki, Jumapili. Nikuulize kitu."

Akaenda, amevaa rinda lile la manjano. Mureithi alikuwa langoni na suti ya kijivu na barakoa yake, amekonda. Mlinzi akawatambua, akafungua kitabu kwa furaha.

"Bwana na bibi! Vyombo vilioshwa?"

"Vitaoshwa maisha yangu yote," Mureithi akasema. Akatoa pete mfukoni. "Safari hii ni kweli. Soja, andika: huyu ni bibi yangu."

Muthoki akaitazama pete, kisha barakoa aliyoishona mwenyewe. Haikuwa imefumuka hata kidogo. Moyo ulimuuma kwa sababu bado alimpenda, na aliona kwamba yeye pia anampenda.

"Hapa ni rahisi, Mureithi," akasema polepole. "Hapa hata mgeni uliweza kumwita bibi."

"Nisamehe."

"Nilisamehe kitambo. Lakini nikiwa na wewe nitakuwa nakuangalia mdomo kila siku, kama pale kwa lango la boma."

Watu nyuma wakaanza kunung'unika. Mlinzi alikuwa ameshika kalamu juu, kicheko kimemwisha.

"Sasa niandike aje?"

"Andika kila mtu na nyumba yake," Muthoki akasema, akaosha mikono kwenye tangi, na kuteremka barabarani.