Ulimi Uliolamba Jina la Jerusa

Doa lilikuwa dogo, bichi, na lilijitokeza mahali pamoja tu: pale Jackton Owiti alipoandika jina la marehemu mkewe. Maneno mengine yote ya ukurasa yalikuwa mazima.

Nyumbani kwake Kapsoit jambo hilo lilimtesa tangu mwezi wa pili. Alikuwa mfanyakazi mstaafu wa kiwanda cha majani ya chai, aliyejifunza kusoma baada ya kustaafu, na haja yake ilikuwa moja: kuandika maisha ya mkewe kabla ya yeye mwenyewe kumfuata. Lakini kila alipoliandika jina alisikia ulimi ukilamba karatasi, taratibu, kama ng'ombe alambaye chumvi. Harufu ya majani yaliyochacha ikapanda, jina likatoweka karatasini, kisha kichwani. Mara ya mwisho alikaa siku mbili bila kulikumbuka, hadi alipolisoma kwenye msalaba wa kaburi. Mchungaji alimkemea jini mwenye ulimi huo, naye akanyamaza wiki moja, akarudi na njaa.

Ndipo mzee akaja Kimulot, kwenye kambi ya waandishi: watu tisa, nyumba moja kando ya msitu, siku saba za kuandika bila kuitwa na ng'ombe wala simu. Aliamini jini hajui njia.

Siku ya tatu, saa tisa mchana, ukungu uliziba madirisha. Phelix, kijana wa Fort Ternan aliyeketi karibu naye, akachungulia daftari la mzee.

"Mzee, ulilala juu ya kitabu ukamwaga mate?"

Wenzake wakacheka.

"Nyamaza, kijana. Sikia."

Wakasikia. Ulimi ulikuwa chini ya meza, kisha darini, kisha katikati yao, ukilamba mbao na karatasi na kingo za vikombe, na ile harufu ikajaa chumbani hadi macho yakawasha, na Owiti akahisi jina la mkewe likimtoka herufi baada ya herufi, kama maji yanavyotoka kikapuni.

"Mzee," Janeffer, mwenye kambi, alinong'ona, "hiyo kitu inataka nini?"

"Jina la mama watoto. Linaniisha."

"Basi tuambie haraka!"

"Je... Jerusa. Jerusa Adongo."

"Andikeni! Wote, kila mtu kwa kitabu yake!"

Kalamu tisa zikashuka pamoja. Daftari la Phelix likalowa; akaandika tena. Ulimi ukarukia la Janeffer, na kabla haujamaliza, manane mengine yalikuwa na jina.

Owiti akasimama. "Nyumbani ulinipata peke yangu. Hapa utalamba mpaka ulimi uote sugu!"

"Na wino ni ya bei rahisi," Phelix akadakia. "Itakuumiza tumbo!"

Waliandika hadi ulimi ukaanza kukwaruza, mkavu, kisha ukakoma. Mlango ukafunguka wenyewe. Na nje, pasipo upepo wowote, michai ya kando ya nyumba ikainama mstari mmoja hadi msituni, kana kwamba kuna apitaye.

Janeffer akaenda kuufunga mlango.

"Uache wazi, mama," Owiti akasema. "Jini asikie."

Akaketi, akashika kalamu, akatamka kila neno kwa sauti huku akiliandika: Jerusa alizaliwa mwaka ambao mvua ya mawe ilimaliza mahindi.