Shamba la Bi Mwatumu

Msiniambie Karimu alisinzia. Rafiki yangu huyu, mtu wa Tanga, anajalidi vitabu ughaibuni, mtaa wa Fordsburg, kwenye chumba kisicho na dirisha. Aliletewa akitie jalada jipya kitabu kikuukuu kinachoeleza kijiji kimoja cha Uingereza, kanisa lake, visima vyake na jina la kila shamba.

Adhuhuri umeme ukakatika. Gizani akasikia kalamu ikikwaruza karatasi, naye yuko peke yake. Akawasha tochi ya simu. Chini ya majina ya Kizungu pameandikwa, kwa wino mbichi: Shamba la Bi Mwatumu. Ni shamba la bibi yake mzaa baba, kule Tanga!

“Pale kimezikwa kitovu changu,” akakifokea kitabu. “Hamlichukui!”

Akalikata jina kwa wino mwekundu. Mstari ukafifia, jina likabaki. Akahisi unyevu tumboni, akafunua shati: mstari ule mwekundu ulikuwa umekatiza kitovu chake.

Akalikata tena.

Jana alinionyesha. Ana mistari saba, na hata mmoja haujakauka.